Do ni G: Kodi Ina Jina, na Kodi Ina Kazi

Karatasi za nyimbo zinazozunguka katika kwaya za Moshi, zile zilizorudufiwa mara nyingi kiasi kwamba mstari wa sauti ya nne umekwisha kufifia, huwa na maneno mafupi kwenye kona ya juu: Do = G, au Do = F, au Do = D. Kwa waimbaji, maneno hayo hayana uzito mkubwa. Mwalimu anawapa do, wao wanasoma solfa zao (do, re, mi na kuendelea), na kama do hiyo imeshushwa kidogo kuliko wiki iliyopita, wengi wao hawatatambua. Kwa mpiga kinanda mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu herufi hiyo moja, yaani jina la nota iliyopewa do, ndiyo inayoamua vidole vyake vitakaa wapi tangu utangulizi hadi Amina. Ndiyo maana wapiga kinanda wengi ninaowafahamu, nami nikiwamo kwa miaka kadhaa, hujifunza kodi za C, F na G, kisha hukiachia kitufe cha kuhamisha ufunguo (yaani mahali pa do) kazi yote iliyobaki. (Kodi ninayoizungumzia ni nota tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, si ile inayodaiwa mwisho wa mwezi.)

Kitufe hicho wengi hukiona kuwa ni uvivu, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kina somo kubwa ndani yake. Mtu akikibonyeza, kila kodi inayosikika inabadilika. Hakuna hata moja inayobaki na jina lake, na bado wimbo ni uleule, penye utulivu pametulia na penye haja ya kusonga mbele pana haja ileile. Kuna kitu, basi, ambacho hakikuhama pamoja na majina. Kitu hicho ndicho wananadharia wa muziki wanachokiita kazi ya kodi, na makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo inatoka wapi, inatambulikaje, na kwa nini kodi moja inaweza kuwa na kazi tatu bila kubadilisha nota hata moja. (Kodi ninayoizungumzia ni nota tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, si ile inayodaiwa mwisho wa mwezi.)

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili, kwa kuwa lugha yetu imemzoesha kufikiri hivyo tangu utotoni. Mzee mmoja wa Marangu ana jina lake la ubatizo, nalo halibadiliki popote aendapo. Lakini watoto wake humwita baba, watoto wa dada yake humwita mjomba, wajukuu humwita babu, na mume wa dada yake humwita shemeji. Hakuna anayedhani kwamba hao ni watu wanne, wala hakuna anayeuliza ni lipi kati ya majina hayo lililo la kweli. Linalobadilika ni nyumba aliyoingia. G ni jina la ubatizo. Kwamba G ni nyumbani, au ni njia ya kurudi nyumbani, au ni mahali pa kuondokea, hilo ni suala la ukoo, na ukoo huo huanzishwa na do.

Tuanze na ngazi yenyewe. Neno ngazi linafaa hapa kuliko mengi ya kukopa, kwa sababu ngazi ina vidato, na vidato vya ngazi meja ni saba: do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha do ya juu inayofungua duru nyingine. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kudhani kwamba vidato hivi vimepandwa kwa nafasi sawa. Kutoka do hadi re ni toni nzima, re hadi mi ni toni nzima, lakini mi hadi fa ni nusu toni. Kisha fa hadi so, so hadi la na la hadi ti ni toni nzima tatu mfululizo, na ti hadi do ya juu ni nusu toni tena. Fundi seremala akitutengenezea ngazi ya namna hiyo tutamrudishia. Katika muziki, hata hivyo, kutolingana huko ndiko kunakompa msikilizaji uwezo wa kujua yuko wapi. Kama vidato vyote vingelingana, kila kimoja kingefanana na kingine, na sikio lisingepata alama ya kulionyesha nyumbani ni kipi. Mtu angekuwa kama aliyefumbwa macho katikati ya shamba la mahindi lililopandwa kwa kamba.

Nusu toni mbili hizo ndizo alama. Ti imekaa karibu mno na do, na fa imekaa karibu mno na mi, na ukaribu huo huleta mvuto. Anayetaka kuuhakikisha awaombe sauti ya kwanza wapande do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha awanyamazishe hapo hapo. Wengi wataimalizia do kimoyomoyo, na mmoja au wawili wataitoa kabisa kwa sauti bila kutumwa. Ti haina raha mpaka ifike do. Fa nayo hulemea mi, ingawa kwa upole zaidi. La huelekea so, na re husimama kama mtu aliye mlangoni, anayeweza kuingia kwa do au kwa mi. Zinazobaki, yaani do, mi na so, ndizo zilizotulia, na miongoni mwazo do ndiyo yenye nyumba.

Wenye kufundisha kwa solfa waliliona jambo hili mapema. Njia hii ya kusoma muziki ilibuniwa Uingereza na mwalimu aitwaye Sarah Glover wa Norwich, kisha ikaendelezwa na mchungaji John Curwen, aliyefariki mwaka 1880, na kutoka hapo ikasambazwa na wamisheni katika sehemu nyingi za Afrika. Curwen hakuridhika kumwambia mwanafunzi kwamba so ni kidato cha tano. Alitaka mwanafunzi aijue so kwa tabia yake. Alifundisha kwamba do ni imara, mi ni tulivu, so inang'aa, la ina huzuni, na ti inachoma na kutaka kwenda mahali. Mtu anaweza kubishana naye juu ya kivumishi hiki au kile, nami la yangu siioni kuwa ya huzuni kila siku, lakini msingi wake ni thabiti: kidato hutambulika kwa uhusiano wake na do, si kwa urefu wake kamili wa sauti.

Tabia hiyo, hata hivyo, haikai peke yake. Kidato huegemea kodi inayolia chini yake, na hapa ndipo wengi hupotea kwa sababu wamefundishwa tabia za nota bila kufundishwa mazingira yake. Chukua do, ambayo tumeisifu kwa utulivu. Kinanda kikipiga do, mi na so chini yake, do imekaa kitini mwake. Kikipiga fa, la na do, ni do ileile lakini sasa ni mgeni katika nyumba ya fa, mgeni aliyekaribishwa vizuri na asiye na haraka. Na kinanda kikipiga so na re huku sauti ya kwanza wakiishikilia do juu yake, do hiyo inageuka kuwa mzigo. Inakwaruzana na re, inazuia ti isiingie, na sikio linasubiri ishuke ili mambo yatengemae. Nota ni ileile, koo ni lilelile, lakini nyumba tatu zimeipa nafasi tatu.

Kodi zenyewe hujengwa kwa kuruka kidato kimoja kimoja. Juu ya do tunaweka mi na so, juu ya re tunaweka fa na la, na kuendelea hivyo hadi kila kidato kiwe shina la kodi yake. Kwa kawaida kodi hizi huandikwa kwa namba za Kirumi, kubwa kwa kodi meja (ambayo nota yake ya kati iko toni mbili juu ya shina) na ndogo kwa kodi maina (ambayo nota yake ya kati iko toni moja na nusu tu). Kwa kuwa vidato havikulingana, kodi nazo hazikulingana: I, IV na V ni meja, ii, iii na vi ni maina, na ile ya saba, yaani ti, re na fa, imebanwa kuliko zote na haijitoshelezi. Do ikiwa ni G, basi I ni G, ii ni A maina, iii ni B maina, IV ni C, V ni D na vi ni E maina. Do ikihamia C, namba zinabaki zilivyo na herufi zote zinahama. Mpiga kinanda aliyezoea kuandika namba badala ya herufi juu ya karatasi ya nyimbo amekwisha kujikomboa kutoka kwenye kitufe, ingawa vidole vyake vitahitaji miezi kadhaa ili vikubaliane na kichwa.

Lakini hata namba si kazi. Namba inasema kodi imesimama juu ya kidato kipi. Kazi inasema kodi inafanya nini katika mwendo wa wimbo. Aliyeliweka sawa suala la shina la kodi alikuwa Mfaransa Jean-Philippe Rameau, ambaye mwaka 1722 alitoa kitabu chake cha nadharia akionyesha kwamba do-mi-so, mi-so-do na so-do-mi si kodi tatu bali ni moja iliyogeuzwa, kwa kuwa shina lake ni do popote lilipo. Mjerumani Hugo Riemann alikwenda mbali zaidi mwaka 1893, aliposema kwamba kodi zote za muziki wa namna hii, hata ziwe nyingi kiasi gani, zinafanya kazi tatu tu, akazipa herufi T, D na S. Mwaka huohuo wa 1893 wamisheni wa kwanza wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame, na nyimbo zilizofuata mguu wao katika miteremko ya Kilimanjaro zilikuwa za upatanifu uleule ambao Riemann alikuwa akijaribu kuueleza. Sadfa hiyo haithibitishi lolote, lakini hunifurahisha kila ninapoikumbuka.

Kazi ya kwanza, toniki, ni kuwa nyumbani, nayo ni ya kodi ya I. Haihitaji maelezo mengi. Wimbo huanzia hapo mara nyingi na huishia hapo karibu kila mara, na kila kodi nyingine hupimwa kwa umbali wake kutoka hapo.

Kazi ya pili, dominanti, ndiyo yenye mambo mengi, kwa sababu ndiyo injini ya muziki huu wote. Kodi yake kuu ni V, yaani so, ti na re. Kuna sababu ya kisayansi ya so kuwa na uzito: so na do ni majirani wa karibu sana kwa hesabu ya mitetemo. Do ikitetema mara 440 kwa sekunde, so safi iliyo juu yake hutetema mara 660, uwiano wa tatu kwa mbili, ambao ndio rahisi kuliko wote ukiacha ule wa do na do ya juu. Kinanda cha kisasa huipunguza so hiyo kidogo, ikawa takriban 659.3, ili funguo zote kumi na mbili zipigike bila chombo kurekebishwa upya. Lakini ujirani peke yake hauelezi kwa nini V ina haraka ya kurudi. Fa nayo ina ujirani uleule na do kwa upande wa chini, na kodi ya fa haina haraka hiyo hata kidogo.

Siri iko kwenye ti, na zaidi ya ti, iko kwenye ti ikikutana na fa. Hesabu umbali kutoka fa hadi ti: fa hadi so, so hadi la, la hadi ti, toni tatu kamili. Katika ngazi nzima hakuna jozi nyingine ya vidato yenye umbali huo. Jozi nyingine zinajirudia. Kuna jozi sita za umbali kama ule wa do na so, kwa mfano, na kwa hiyo ukisikia moja yake hujui uko nyumba gani. Jozi ya fa na ti ni moja tu, na ndiyo maana inafanya kazi kama alama ya kuzaliwa. Aidha, kila nota ya jozi hiyo imekaa nusu toni kutoka kwa nota iliyotulia: ti inapanda kwa do, fa inashuka kwa mi, na zikisogea kwa pamoja zinaacha mlangoni do na mi, ambazo ni nusu kubwa ya kodi ya nyumbani.

Sasa tazama kinachotokea tunapoiongeza fa juu ya kodi ya V, ili iwe so, ti, re na fa. Chukua Do = G. Kodi ya D, yaani D, F shapu (F iliyopandishwa nusu toni) na A, inaweza kuwa ya nyumba tatu: ni V katika ufunguo wa G, ni I katika ufunguo wa D, na ni IV katika ufunguo wa A. Msikilizaji aliyefika kwa kuchelewa na kuisikia kodi hiyo peke yake hawezi kujua. Lakini ongeza nota ya C juu yake, ambayo ndiyo fa yetu, na shaka imekwisha, kwa kuwa katika funguo zote za meja ni ufunguo wa G pekee wenye D, F shapu, A na C kwa pamoja. Nota hiyo ya nne, ambayo wapiga gitaa huiita seven na kuiweka bila kufikiri, haikuongezwa kwa ajili ya utamu tu. Imefanya kazi ya shahidi: imemwambia msikilizaji kwamba kodi hii si mwenye nyumba, kisha imeonyesha kwa kidole nyumba yenyewe ni ipi. Ninaamini kwamba mtu akielewa aya hii moja, nusu ya somo la kazi za kodi amelimaliza.

Katika nyimbo za maina, ambazo kwa solfa nyumba yake ni la, injini hii haipo mpaka itengenezwe. Kodi iliyo juu ya mi ni mi, so na ti, na so iko toni nzima chini ya la, haina mvuto wa kutosha. Ndipo watunzi wanapoipandisha so nusu toni, ile se inayowasumbua sauti ya pili kwenye karatasi za Kwaresima. Waimbaji wengi huiona se kama pambo gumu. Si pambo, imewekwa hapo ili nyumba ya la nayo ipate ti yake.

Kazi ya tatu, subdominanti, inahitaji kwanza kusafishwa jina. Wanafunzi wengi hudhani kwamba imeitwa hivyo kwa sababu fa iko kidato kimoja chini ya so, na kwa ngazi iliyochorwa ukutani wanaonekana kuwa na haki. Maana iliyokusudiwa ni nyingine: so ni dominanti kwa sababu iko vidato vitano juu ya do, ukihesabu do yenyewe, na fa ni subdominanti kwa sababu iko vidato vitano chini ya do. Do imekaa katikati na jirani mmoja kila upande. Ukilijua hilo, hata majina ya vidato vingine yananyooka: mi huitwa medianti kwa sababu iko katikati ya do na so iliyo juu, na la huitwa submedianti kwa sababu iko katikati ya do na fa iliyo chini.

Kazi ya subdominanti ni kuondoka nyumbani bila kudai kurudi. Kodi ya IV, yaani fa, la na do, inayo fa lakini haina ti, na ndani yake imo do, kwa hiyo inasogea huku imeshikilia nguzo ya nyumba. Kutoka hapo inaweza kurejea moja kwa moja, kama inavyofanya katika ile Amina ndefu ya mwisho wa ibada, ambapo fa inashuka kwa mi, la inashuka kwa so, na do inabaki ilipokuwa. Au inaweza kuendelea mbele hadi V na kuitayarishia njia. Kodi ya ii, yaani re, fa na la, hufanya kazi hiyohiyo kwa sababu inashiriki na IV nota mbili, na kwa maoni yangu huifanya vizuri zaidi pale inapoelekea V, kwa kuwa haijabeba do, na do ikikosekana kwa muda, kurudi kwake kunasikika.

Kodi zinazobaki hujigawa kwa undugu wa namna hiyo. Kodi ya vi, la, do na mi, inashiriki nota mbili na I, na mara nyingi hukaa mahali pake kama kaka mdogo anayepokea wageni baba asipokuwapo. Ile iliyobanwa ya ti, re na fa ni V iliyokosa shina lake, na kazi yake ni ya dominanti. Ya iii, mi, so na ti, ni tatizo la kweli: inashiriki mi na so na kodi ya nyumbani, so na ti na dominanti, na hakuna anayeweza kusema ni ya upande gani mpaka aone imetoka wapi na inakwenda wapi. Pengine ndiyo sababu huonekana mara chache katika tenzi za kawaida.

Mahali ambapo jina na kazi hupishana waziwazi ni karibu na mwisho wa karibu kila ubeti. Besi wanafika so na kuishikilia, na juu yao sauti nyingine zinaimba do na mi, kisha do inashuka kwa ti, mi inashuka kwa re, besi bado wako palepale, halafu wote wanaingia nyumbani. Kodi ile ya kwanza ina do, mi na so. Kwa jina ni I, na mpiga kinanda ataandika G bila kusita. Lakini hakuna anayeisikia kama nyumbani; kila mwimbaji anajua kwamba bado hatujafika. So iliyo kwenye besi imeigeuza kuwa sehemu ya dominanti, na do na mi zilizo juu ni nota zilizocheleweshwa tu kabla ya ti na re. Nimewahi kumwona mpiga kinanda, ambaye ni mimi mwenyewe wa zamani, akiipiga kodi hiyo na G kwenye besi kwa sababu karatasi ilisema G. Wimbo ulifika nyumbani mapigo mawili kabla ya wakati, ukatoka tena kwenda D, ukarudi. Besi waliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau.

Vituo vya muziki, yaani mahali ambapo sentensi ya wimbo hupumua, vimejengwa juu ya kazi hizi. V kwenda I ni nukta. Kuishia V mwishoni mwa mstari wa kwanza ni mkato. Msikilizaji anapumzika lakini anajua kwamba kuna mstari unaokuja. IV kwenda I ni nukta ya upole, iliyokwisha kutajwa. V kwenda vi ni hila. Mtu aliyepanda gari Arusha kwenda Moshi, akapita Usa River, akapita njia ya uwanja wa ndege, akifika Boma Ng'ombe tayari ameanza kukusanya mizigo yake. Sasa fikiria gari hilo likikata kushoto kuelekea Sanya Juu. Ndivyo inavyokuwa besi wanapotoka so na, badala ya kwenda do, wanapanda hadi la. Sauti ya kwanza wamefika do kama walivyoahidiwa, lakini ardhi iliyo chini yao si ya nyumbani. Watunzi hufanya hivyo ili wapate sababu ya kurudia mstari.

Mfano mdogo utaonyesha yote haya yakifanya kazi pamoja. Sauti ya kwanza waimbe mi, fa, re, do, Do ikiwa ni G. Mpiga kinanda akiweka I, IV, V, I, yaani G, C, D, G, amesimulia safari ya kawaida: nyumbani, kuondoka, haja ya kurudi, kurudi. Akiweka vi, ii, V, I, yaani E maina, A maina, D, G, safari ni ileile kwa kazi, ila ameanzia kwa kaka mdogo na kuondoka kwa mlango mwingine. Akiweka I, ii, V, vi, ameahidi na hakutimiza. Nota nne za sauti ya kwanza hazikuguswa katika hali zote tatu, lakini do yao ya mwisho imekuwa mwisho mara mbili na swali mara moja. Na akikutana na fe, fa iliyopandishwa, ajue kwamba nyumba imeazimwa: fe ni ti ya so, kwa hiyo kodi ya A meja iliyoibeba inaichukulia D kama nyumbani kwa kitambo, hadi fa ya kawaida irejee.

Kuna mipaka ya haya yote, nayo ni muhimu kwetu kuliko kwa wale walioandika vitabu. Kazi tatu za Riemann ni taratibu za nyumba moja, si sheria za dunia. Katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, gitaa linaweza kuzungusha I, IV na V kwa dakika nyingi, na kodi ya V inaweza kurudi IV bila mtu kuona ajabu, jambo ambalo mwalimu wa tenzi angelipigia mstari mwekundu. Katika mzunguko wa namna hiyo mdundo ndio unaobeba safari, na kodi ni vituo vya njiani. Waimbaji wa Kimaasai, ambapo olaranyani huongoza na wenzake humjibu kwa sauti nzito za kooni, hawahitaji dominanti ili wimbo uende mbele.

Swali hili huja mezani kwa vitendo, si kwa nadharia, kila kwaya inapochukua wimbo wa asili na kuuwekea kinanda. Nyimbo nyingi za namna hiyo zina nota tano tu: do, re, mi, so, la. Hakuna fa, hakuna ti. Jozi ile ambayo ndiyo injini haimo kabisa, na wimbo umeishi bila hiyo miaka yote. Wimbo unaposhuka mi, re, do mwishoni, mkono wa mpiga kinanda uliozoea tenzi unaweka V yenye seven chini ya re, na kwa kufanya hivyo unaleta nota mbili ambazo hakuna bibi aliyewahi kuziimba, pamoja na haraka ambayo wimbo haukuwa nayo. Vijana wanaosoma shahada ya muziki pale Chuo Kikuu cha Makumira wanaweza kuubishania uamuzi huo muhula mzima, na wana haki. Kwa upande wangu, wiki iliyopita tulikuwa na wimbo mmoja wa aina hiyo, Do = F, na chini ya re ile nimeacha so na re tupu, bila ti wala fa, nikawaambia besi wasiharakishe kwenda do.